Mshumaa Sokoni

Katika semina ya wanandoa ya usharika wetu nilipangiwa mada iliyokwisha kuandikwa kwenye ratiba: madhara ya tamthilia katika ndoa. Mimi ni mzee wa kanisa, na mada hiyo niliipokea kwa furaha, kwa sababu hoja zake nilikuwa nazo mdomoni tayari. Kina mama wanakesha. Mboga zinaungua. Mabinti wanasubiri wanaume ambao hawajazaliwa. Na mume anayerudi nyumbani na jasho la kutwa nzima anapimwa kwa kijana wa Seoul ambaye nywele zake hazijawahi kuguswa na vumbi.

Kilichonikwamisha ni jambo dogo. Sikuwa nimewahi kutazama hata moja hadi mwisho. Nilikuwa napita sebuleni, nasikia muziki, naona watu wawili wanatazamana kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, naguna, naenda kulala. Sasa, mtu anayewafundisha vijana wa kipaimara kwamba kumshuhudia jirani uongo ni dhambi hawezi kusimama mbele ya watu akatoa ushahidi wa jambo asilolijua. Nikamwomba Mama Neema anichagulie moja, ile anayoiona kuwa bora kuliko zote. Alinitazama kwa mashaka kidogo, kisha akachomeka flashi.

Alichagua tamthilia ya Kikorea iitwayo Crash Landing on You. Ilirushwa Korea Kusini kuanzia Desemba 2019 hadi Februari 2020, ina sehemu 16, na iliandikwa na mwanamke, Park Ji-eun. Kwa wasioifahamu, kisa ni hiki. Yoon Se-ri, binti wa tajiri wa Korea Kusini, anaruka angani kwa mwavuli. Upepo mkali unambeba na kumvusha mpaka, anajikuta ananing'inia juu ya mti upande wa Korea Kaskazini. Anayemkuta pale ni kapteni wa jeshi la Kaskazini, Ri Jeong-hyeok. Wajibu wake ni kumkamata. Badala yake anamficha nyumbani kwake kijijini, na ili kumwokoa anasema kwamba huyu ni mchumba wake. Yanayofuata msomaji anaweza kuyakisia.

Mimi pia niliyakisia, na kwa sehemu tatu za kwanza nilikuwa najaza daftari langu hoja za semina. Mwishoni mwa sehemu ya nne kalamu ilisimama.

Ni jioni, sokoni. Se-ri amepotezana na wenzake katikati ya umati, na taa zinazimika. Katika kijiji kile umeme ni wa kubahatisha, kama tunavyoujua sisi. Yuko peke yake gizani, katika nchi ambayo akigundulika anaweza kupoteza maisha. Hadithi inatueleza kwamba alipokuwa mtoto, mama aliyemlea, ambaye si mama yake mzazi, alimpeleka baharini usiku akamwacha huko. Kwa hiyo giza kwake si kukosa mwanga tu. Ni kuachwa. Ndipo juu ya vichwa vya watu unaonekana mwanga mdogo. Kapteni amesimama mbali kidogo, ameunyanyua mshumaa juu ya umati ili popote alipo auone. Anapomfikia anamwuliza kama safari hii amepatia, kama huu ndio mshumaa wenyewe.

Swali hilo linatokana na jambo lililopita. Siku za nyuma Se-ri alimwomba mshumaa wenye manukato, na yeye, asiyejua mambo hayo, akamletea mshumaa wa kawaida wa kuwashia umeme ukikatika. Alikosea. Hakubishana, wala hakusema mshumaa ni mshumaa tu. Alikwenda akauliza, akatafuta, akaupata ule wenye harufu, na bila kupanga, mshumaa aliotafuta kwa ajili ya anasa ya mgeni ukawa taa ya kumwokoa.

Niligeuka nikamwona Mama Neema anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikasema, kwa sauti ile ya utani ambayo sisi wanaume huitumia tukiwa hatujui la kusema, "Mama Neema, unamlilia Mkorea?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Simlilii Mkorea, Baba Neema. Tochi ilikuwa ukutani."

Sikumwelewa mara moja. Akaeleza bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Miaka ile ya mgao wa umeme alikuwa anauza nguo sokoni na kurudi baada ya giza kuingia. Gari lilikuwa linamshusha njia panda, na kutoka pale hadi kwetu ni kama robo saa kwa miguu, kwenye njia inayopita katikati ya migomba, na wakati wa masika matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa akitembea na mzigo kichwani, peke yake. Mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa na redio, nasikiliza taarifa ya habari. Tochi ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani, karibu na kichwa changu. "Niliwahi kukuomba mara moja," alisema. "Ukaniambia njia naijua."

Ni kweli, njia alikuwa anaijua.

Nimeyaandika haya kwa sababu yalibadilisha namna nilivyotazama sehemu 12 zilizobaki, na kwa sababu bila hayo uhakiki wangu ungekuwa wa mtu anayehukumu chakula kwa kunusa moshi. Nilianza kujiuliza swali ambalo ratiba ya semina haikuliuliza: matukio haya ya mahaba yana nini hata yamkamate mtu mzima, mwenye akili zake, mwenye imani yake?

Jibu rahisi la makanisani ni tamaa ya mwili. Jibu hilo lina ukweli kwa tamthilia nyingine, na mzazi anayefunga baadhi yake mbele ya watoto anafanya vema. Lakini halielezi mshumaa. Katika tukio lile hakuna aliyemgusa mwenzake. Mkono ulioinuliwa umeshika taa. Kama ni tamaa, ni tamaa ya kuonekana, ya mtu mmoja katikati ya umati kujua kwamba haupo na kwenda kukutafuta.

Tazama na tukio jingine la tamthilia hiyohiyo. Se-ri anatamani kahawa. Kapteni ananunua buni, anazikaanga, anazisaga kwa mkono, anamwandalia kikombe. Sisi tuliozaliwa katikati ya mikahawa tunajua kazi hiyo ilivyo. Buni hazikaangwi kwa haraka. Ukiziacha zinaungua upande mmoja, ukiharakisha ndani zinabaki mbichi. Mwandishi hakumpa kapteni maneno matamu. Alimpa kazi inayohitaji kusimama motoni na kugeuza, kugeuza, kugeuza. Hapo ndipo penye siri ya matukio bora ya mahaba. Tunalia dakika ya mwisho, lakini kinachotuliza kilianza mapema, siku mtu aliposikiliza jambo dogo akalitunza moyoni. Tukio la sokoni halikuanzia sokoni. Lilianza siku ya mshumaa usio sahihi.

Kipimo hiki kinatusaidia kutenganisha, maana si kila tukio linalopigiwa muziki ni la upendo. Chukua tamthilia nyingine ya Kikorea iliyopendwa sana na vijana, Boys Over Flowers ya mwaka 2009. Humo kijana tajiri, Gu Jun-pyo, anaanza kwa kumtesa msichana wa familia maskini shuleni, na wanafunzi wengine wanamfuata. Anapoanza kumpenda, watumishi wake wanamchukua msichana bila ridhaa yake, wanampeleka kwenye jumba la kifahari, anavalishwa na kupambwa. Muziki ni mtamu, nguo ni nzuri, na mabinti wengi wamelitamani jambo hilo. Lakini uliza: kijana huyu amesikiliza nini? Alimwuliza binti huyu anataka nini? Hakuna mshumaa usio sahihi hapa, kwa sababu hakuna ombi lililosikilizwa. Kuna nguvu iliyovikwa manukato. Binti anayejifunza kuiita hali hiyo mahaba atakuja kuvumilia nyumbani mambo ambayo hakupaswa kuyavumilia, akingoja muziki uanze.

Hapo ndipo kanisa lingetakiwa kupaza sauti. Badala yake huwa tunazifunga zote kwenye furushi moja na kulitupa nje, na mabinti wetu wanalifuata huko nje na kulifungua bila mtu wa kuwasaidia kuchambua.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mzee wa kanisa ametekwa na Wakorea. Tamthilia ile niliyoisifu ina kasoro mbili kubwa, na zote mbili zinagusa imani.

Kasoro ya kwanza ni kwamba mwanga wake ni mwembamba. Kapteni Ri ana mchumba wa kweli, Seo Dan, ambaye familia zilikubaliana, naye anampenda tangu zamani. Kila mshumaa unaowashwa kwa ajili ya Se-ri unamwacha Dan gizani. Tunamwona anasubiri, anavaa vizuri, anafika nyumbani kwa mchumba wake na kumkuta mgeni. Hadithi inamwonea huruma, kwa kuwa mwandishi ana akili, na inamletea kijana mwingine wa kumpenda, tapeli anayejificha Kaskazini. Mwishoni kijana huyo anaacha nafasi ya kutoroka, anarudi kumwokoa Dan, na anakufa. Dan anabaki peke yake. Tamthilia haiwezi kufanya vingine. Ili tukio la mahaba lituguse, kamera lazima imchague mmoja na kumwacha mwingine pembeni.

Niliposimama hapo nilimkumbuka Lea. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, kina kisa cha mahaba ambacho mwandishi yeyote wa tamthilia angekitamani: kijana mkimbizi, kisima, binti anayechunga kondoo, jiwe zito linaloviringishwa, busu, machozi, miaka saba ya kazi. Kamera yetu ingekaa kwa Raheli sehemu zote 16. Maandiko yanafanya jambo la ajabu. Mwandishi anaipitisha miaka saba ya mapenzi ya Yakobo kwa sentensi moja tu, kisha anageuka na kutueleza kwamba Bwana alimwona yule asiyependwa. Aliyeachwa pembeni ndiye anayeonwa na Mungu, na kwenye uzao wake ndiko alikotoka Yuda, na kwa Yuda Daudi, na kwa Daudi Masihi.

Katika usharika wowote, idadi ya kina Lea si ndogo. Wapo wajane. Wapo ambao hawakuolewa. Wapo walioolewa na hawatazamwi. Wakikaa mbele ya runinga usiku, wanajiweka kwenye nafasi ya Se-ri kwa saa moja na nusu, kisha wanazima na kurudi kwenye nafasi ya Dan. Hilo ndilo dhara ambalo ningelisema kwa uzito kuliko mboga zilizoungua. Na dawa yake si kuwanyang'anya rimoti. Ni kujiuliza kama kanisa letu lina macho ya Yule aliyemwona Lea, au lina macho ya kamera.

Kasoro ya pili ni mwisho wake. Wapenzi hawa wametenganishwa na mpaka ambao hauvukiki. Mwandishi anawapa suluhisho: watakutana Uswisi, wiki mbili kila mwaka. Watazamaji wamefurahi sana, na wengine wamesafiri kutoka Asia hadi kijiji kidogo cha Iseltwald, kando ya ziwa Brienz, kusimama kwenye gati ambapo kapteni alipiga piano. Walifurika kiasi kwamba mwaka 2023 kijiji kiliweka kiingilio cha faranga 5 kukanyaga gati hilo. Siwacheki. Sisi tunaokwenda kuona mahali pa historia ya wokovu tunajua hamu ya kusimama palipotokea jambo. Lakini fikiri juu ya zile wiki mbili. Ndoa ya wiki mbili kwa mwaka haina ada ya shule. Haina mkwe anayeumwa. Haina mtu anayekoroma, wala unga ulioisha tarehe 20. Mpaka uliowatenganisha ndio huohuo unaoyalinda mapenzi yao yasikutane na Jumanne ya kawaida.

Na hili linashangaza, kwa sababu nguvu ya tamthilia yenyewe ilitoka kwenye siku za kawaida. Matukio yake bora yote yako kijijini: jikoni, sokoni, penye mgao wa umeme. Hadithi inapohamia Seoul, penye maduka na nguo za gharama, mahaba yanapungua uzito. Mwandishi alikuwa na ukweli mkononi, kwamba mahaba ni mtoto wa siku za kawaida, kisha mwishoni akautoa likizo.

Kitabu cha Ruthu hakikufanya hivyo. Boazi ni mtu mzima, ana shamba, ana mavuno yanayomsubiri. Anafika shambani, anamwona mwanamke mgeni akiokota masazo, anauliza habari zake. Wakati wa chakula anamkaribisha, anampa bisi, naye anakula hadi kushiba na kusaza. Kisha, bila mwenyewe kujua, anawaagiza vijana wamwachie masuke makusudi. Sijui tukio la mahaba lililotulia kuliko hilo. Hakuna mvua, hakuna muziki. Kuna bisi, na mtu aliyeona kwamba mgeni hana chakula. Na kisa hakiishii pale. Kinaendelea hadi langoni kwa wazee, kwenye shauri la ardhi, hadi kwenye mtoto na bibi anayemlea. Biblia haioni aibu kuyapeleka mahaba ofisini kwa mtendaji wa kijiji.

Mtume Petro naye alikuwa na usiku wake wa giza. Alikuwa amemkana Bwana kando ya moto wa makaa. Injili ya Yohana, sura ya 21, inatueleza kwamba wanafunzi walivua usiku kucha wasipate kitu, na alfajiri walipofika pwani walikuta makaa yamewashwa, samaki juu yake, na mkate. Kabla ya swali lolote kuhusu upendo, kulikuwa na kifungua kinywa. Kristo mfufuka alitangulia kuwasha moto. Nikisoma sura hiyo sasa naelewa kwa nini mshumaa wa sokoni ulimliza Mama Neema. Alilia kwa kuwa ameumbwa kutamani jambo hilo: kufika ukiwa umechoka na kukuta mtu alitangulia kukuwashia. Tamthilia haikumpandikizia kiu hiyo. Iliikuta, ikaiamsha, na haikuwa na maji ya kutosha kuituliza.

Siku ya semina nilisimama na kusema ukweli wangu, pamoja na habari ya tochi, kwa ruhusa ya mwenye habari. Ukumbi ulinyamaza. Baadhi ya wanaume walitazama viatu vyao. Baadaye mama mmoja alisimama akasema kwamba kwao haikuwa tochi, ilikuwa ndoo ya maji. Mwingine akasema kwamba mumewe humfungulia geti kila siku, na hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni mahaba hadi leo. Watu wakacheka, lakini yule mume alikaa wima zaidi kwenye kiti.

Kwa wachungaji na viongozi wenzangu ninaomba jambo moja. Kabla ya kuhubiri dhidi ya tamthilia, kaeni mtazame moja na wake zenu, na mwulize wanalia wapi na kwa nini. Mtajifunza mambo ya nyumba zenu ambayo semina haitawaambia. Kwa kina mama na mabinti ninaomba muwe wahakiki wakali. Muziki ukianza, ulizeni: huyu amesikiliza nini? Na kwa waume, sina cha kusema ambacho sijajiambia mwenyewe.

Mama Neema bado anauza nguo. Umeme sasa ni afadhali, lakini njia ya migombani haina taa. Jioni ya kwanza nilipokwenda njia panda na tochi, aliniona kwa mbali, akasimama ghafla, akashika kifua. "Kuna nini?" aliuliza. "Nani amefariki?" Katika miaka yote ya ndoa yetu, mimi kumfuata njiani kulikuwa na maana moja tu, msiba. Nikamwambia hakuna aliyefariki. Nikapokea mzigo. Tulitembea bila kusema sana.

Sijatimiza kila siku. Kuna jioni za vikao, na kuna jioni za uvivu. Lakini ile tochi nimeihamisha kutoka kwenye msumari wa sebuleni, sasa inakaa karibu na mlango.